Kigoda cha Mkwe

Magomeni, Dar es Salaam
9 Mei 1976

Mama,

Shikamoo. Ninaandika nimekaa mezani, lakini ujue kwamba moyoni nimechuchumaa na uso nimeuelekeza ukutani, kama inavyompasa mtu anayesema na mama mkwe wake.

Huku hatujambo. Zipora yuko darasa la tatu na mdomo wake ni wa mama yake, maneno hayamwishi. Anasoma kila kilichoandikwa, hata magunia ya unga ninayorudi nayo kutoka kiwanda cha mikate. Jirani yetu Mwamvua, mama wa Kizaramo anayemwangalia nikiwa kazini, anasema mtoto huyu atakuja kuwa karani wa mahakama au mchonganishi, mojawapo.

Mama, mwaka umetimia tangu msiba ule wa mama yake Zipora. Najua simu ya maandishi ilikufikia kwa kuchelewa, mvua ikakukwamisha Kahama, na ulipoambiwa tumekwisha zika ukageuza. Tangu hapo nimekuwa nikitafuta maneno ya kukuandikia, na mtu akichelewa kuandika, kila mwezi unaopita unamziba mdomo zaidi. Sasa nimeacha kuyatafuta. Njoo tu. Shule zinafungwa Juni. Tiketi ya treni kutoka Isaka nitakutumia, nawe utakaa na mjukuu wako hadi Sabasaba ipite.

Zipora amekwisha panga matembezi yenu yote. Kwanza atakupandisha pantoni, ile inayovusha watu na magari kwenda Kigamboni, maana anasema bibi hajawahi kuona gari likisafiri magurudumu yamesimama. Kuna Makumbusho ya Taifa, wana fuvu la mtu wa kale sana. Uwanja wa ndege kuna roshani ambako watu hupanda na watoto wao siku za mapumziko. Hawana mgeni wala safari, wanatazama ndege zikishuka na kupunga mkono, basi. Ufukweni Oyster Bay familia nzima hukaa mchangani na vyungu vyao vya pilau. Viwanja vya Sabasaba utaona ng'ombe wa maziwa wanaooshwa kwa sabuni. Na kuna Kijiji cha Makumbusho, wamejenga nyumba za makabila mbalimbali zilivyokuwa zamani. Huko Zipora hajafika, anataka umwonyeshe wewe.

Nyumba yetu ni vyumba viwili. Juu ya malazi usiwe na wasiwasi, nimekwisha fikiria.

Usikatae, Mama. Mtoto akilala, nyumba hii inakuwa na ukimya ambao mimi siuwezi.

Mkweo,
Pantaleo Bujiku


Masumbwe
27 Mei 1976

Baba Zipora,

Marahaba. Inuka basi, magoti yatakuuma.

Barua hii naiandika kwa mkono wangu mwenyewe. Usishangae herufi zilivyo kubwa. Nimefaulu hatua ya nne ya elimu ya watu wazima, na Mwalimu Theonest anasema nisipoangalia watanipa ukatibu wa kijiji. Zamani ningemwomba yeye aniandikie. Lakini kuna mambo mtu hapendi yapitie mkono wa mwalimu.

Nimesoma mahali pote ulipopaandika, nikarudia. Ndege huku zinapita juu na hatukati tiketi. Mtu wa kale, mimi hapa ni wa kale, wangenitia mimi kwenye kioo. Ng'ombe wa kuoshwa kwa sabuni nitapenda kumwona, nije nimsimulie huyu wangu. Ila mahali pamoja hukupaandika. Mimi nakuja kuona alipolazwa Limi. Nikishapaona hapo, nipelekeni kwenye hiyo pantoni mnizungushe hadi nitapike, sitasema neno.

Halafu hilo la vyumba viwili. Kwetu mtu na mama mkwe wake hawalali chini ya paa moja. Hawali pamoja, hawatazamani usoni, na wakikutana njiani mmoja anaingia porini mwenzake apite. Haya unayajua, ulilelewa vizuri. Ulipokuja kuposa uliniamkia kwa nje ya ukuta, mimi nikakuitikia nikiwa ndani ya msonge wangu, na hivyo ndivyo tulivyojuana, kwa sauti. Lakini tangu tuhamishiwe hapa kijijini nyumba zimepangwa mstari mmoja, kila mlango unatazama barabara. Uwanja hakuna, nyumba ya wageni hakuna, na msonge wangu nimeuacha kule mahame tulikotoka, mvua imekwisha uangusha. Siku hizi hata sijui heshima inakaa upande gani wa mlango. Fanya unavyoona.

Mimi nakaa peke yangu tangu Baba Limi alipokwenda kwenye dhahabu Geita akafia huko, na Limi ndiye aliyekuwa mtu wangu. Umri umenifika. Kuna mambo nimeanza kuyachoka.

Nitakuja na mzigo mmoja. Usiulize ni nini.

Wabeja, asante.

Paskazia, Mama Limi


Magomeni, Dar es Salaam
10 Juni 1976

Mama,

Shikamoo. Tiketi imo ndani ya bahasha hii. Panda basi la Kahama la asubuhi, lile la mchana huharibika. Isaka usikae mbali na mzigo wako.

Stesheni atakupokea Mwamvua na Zipora. Mwamvua utamjua kwa sauti kabla hujamwona. Wazaramo wanajihesabu watani wetu tangu enzi za wapagazi, kwa hiyo akikwambia unanuka samli usikasirike, mjibu tu. Ndiye atakayekutembeza. Mimi niko zamu ya usiku, na mchana pia kuna shughuli zangu.

Kuhusu mahali pale ulipopataja, nimesoma, Mama.

Zipora anauliza kama unakula samaki wa baharini. Nimemwambia utakula.

Mkweo,
Pantaleo


Masumbwe
14 Julai 1976

Baba Zipora,

Nimefika. Treni ilikaa Tabora muda mrefu mpaka watu wakashuka wakapika ugali kando ya reli. Miguu imevimba, lakini ni yangu.

Kwanza nashukuru. Kitanda kilikuwa kizuri, shuka zilikuwa mpya, na mtoto amelelewa. Anasali kabla ya kula, anaosha vyombo bila kuambiwa. Alilala ameshika sikio langu usiku wote, kama mama yake alivyokuwa akifanya, wala hakuna aliyemfundisha. Kwa hilo nakushukuru, na sitalitoa kinywani.

Pantoni niliipanda. Ni kweli, magari yanasafiri yamesimama. Kule uwanja wa ndege nilipunga mkono mpaka mzungu mmoja akanipungia, sijui alidhani mimi nani wake. Mtu wa kale nilimwona pia. Wamemweka ndani ya kioo na taa juu yake, watu wanatoka Ulaya kuja kumtazama. Nikawaza, huyu mwenzetu hana hata ndugu mmoja, na kila mtu anajua alipo.

Kila asubuhi nilivaa kitenge changu cheusi, nikafunga kitambaa kichwani, nikasema leo. Mwamvua akija anasema leo tunakwenda kutazama bahari. Kesho yake navaa tena, anasema leo Sabasaba. Siku moja nilimwuliza wazi, tutakwenda lini kwa Limi. Akatazama pembeni, akasema subira, mtani wangu, akaninunulia dafu. Kila nilipouliza nilinunuliwa dafu. Nimeyanywa mpaka nimeyachukia.

Na wewe hukuwapo. Hata kikohozi sikukisikia. Nilimwuliza mtoto baba yako analala wapi, akasema ameambiwa asiseme. Basi nikaelewa. Wewe bado kijana, siwezi kukulaumu kwa kupata mwanamke mwingine, nyumba haikai bila mtu. Lakini ungeniambia. Kuliko kunizungusha mjini kama mtoto anayebembelezwa asiulize mama yake yuko wapi.

Ngoja nikwambie la Kijiji cha Makumbusho. Mlinzi alitukatia tiketi, tukaingia, na mbele yangu nikaona msonge. Nyasi zile, mlango mfupi ule, jiwe la kusagia limewekwa pale pale linapowekwa. Nimekata tiketi kuingia nyumbani kwangu, Baba Zipora. Nikakaa ule upande wa ndani, kwenye giza. Katika nyumba kama ile ndimo nilimomzaa Limi. Mtoto akawa anauliza hiki nini, kile nini, nami namjibu, na kupitia mlangoni nikakuona. Ulikuwa umesimama mbali chini ya mkorosho, umetupa mgongo. Nikasema, sasa amepata mahali. Atakuja aniamkie kwa nje kama siku zile, nami nitamwitikia, na nitamwambia lile lililonileta.

Nikakaa nikingoja. Wakaingia wanafunzi wa shule na kelele zao. Mmoja akanikuta mle gizani, akamwuliza mwalimu wake kama na mimi ni wa maonyesho. Walipotoka, chini ya mkorosho hapakuwa na mtu.

Ndipo nilipofunga mzigo. Ijumaa nikampa mtoto busu, nikamdanganya Mwamvua kwamba naenda kanisani, nikaenda stesheni.

Umenionyesha mji mzima, mwanangu umenificha. Usiniandikie tena habari za matembezi.

Paskazia, Mama Limi


Magomeni, Dar es Salaam
2 Agosti 1976

Mama,

Shikamoo. Barua yako nimeisoma. Yote uliyoyasema ni haki yako kuyasema, na mtu hasimami kujitetea mbele ya mama mkwe wake. Kosa ni langu.

Mke sina. Hilo peke yake nalisema.

Na jingine ni hili. Pale kwenye msonge nilikuja. Nilizunguka nyuma, nikachuchumaa nje ya ukuta, nikaamkia. Wanafunzi walikuwa wamekwisha ingia, sikusikia jibu. Nikaamkia tena. Nikajua umesikia na hukutaka kuitikia, na mkwe asipoitikiwa hana la kufanya ila kuondoka.

Jumapili ile tulikuwa tumepanga jambo. Zipora alivaa viatu vyake vya kanisani tangu alfajiri kabla sijamwambia kwamba umekwenda. Hakulia. Alivua viatu akavirudisha ndani ya boksi. Sijui kumfariji mtoto, Mama. Hiyo ilikuwa kazi ya mwingine.

Mkweo,
Pantaleo


Magomeni, Dar es Salaam
20 Agosti 1976

Kwa mtani wangu Paskazia, Msukuma uliyetoroka bila kuaga,

Salamu nakupa japo hustahili. Ulisema unakwenda kanisani. Nimekupikia wali wa nazi na changu wa kukaanga, nimekaa nakungoja mpaka paka wa jirani akaja kuniliwaza. Uongo wa kanisani, bibi mzima! Ukifa wewe nitakuja Masumbwe kwa treni, nilale juu ya jeneza lako, wasikuzike mpaka wanipe ng'ombe. Huyo wa kuoshwa kwa sabuni.

Sasa utani kando. Mwenyewe hawezi kukwambia, eti heshima. Mwanao aliyekufa hawezi. Mtoto amekatazwa. Nimebaki mimi, na mtani haogopi mtu, kwa hiyo kaa chini nikwambie.

Unataka kujua alikuwa akilala wapi? Kiwandani, juu ya magunia ya unga. Zamu yake ikiisha wenzake wanarudi makwao, yeye anajinyoosha pale pale stoo. Alikuwa akija kwangu asubuhi mweupe nyusi mpaka kope, anakunywa chai amesimama, anauliza mama amelala vizuri, mama amekula, mama miguu vipi. Nikamwambia wewe una nyumba. Akasema nyumba ina mkwe wake ndani.

Na hizo shughuli zake za mchana ulikuwa wewe. Kwenye pantoni alikuwa upande wa baiskeli, amejificha nyuma ya mtu mwenye matenga ya kuku. Uwanja wa ndege alisimama chini ya ngazi, akiogopa utateleza. Sabasaba umeangusha kitambaa chako, kijana akakuokotea akakuletea. Nani alimtuma? Mji mzima alikufuata nyuma nyuma, hajalala, macho mekundu. Mimi nikawa nacheka. Sasa sicheki.

La kaburi ni hili. Binti yako amelala Kinondoni, na juu yake mwaka mzima kulikuwa na kijiti na kipande cha bati chenye jina, mvua imelifuta. Saruji haipatikani, mpaka kibali, na kibali mpaka ujuane na mtu. Pantaleo alizunguka miezi. Uliposema unakuja, akapata fundi, fundi akasema Jumatatu, kisha Jumatano, kisha msalaba haujakauka. Hakutaka uone kijiti. Alisema, mama huyu hakumzika mwanawe, nikimwonyesha kijiti nitakuwa nimemwua mara ya pili. Basi akaniomba nikuzungushe. Msalaba ulikauka Jumamosi. Jumapili baada ya Misa mngekwenda wote na padre, na Zipora alikuwa na maua ndani ya ndoo. Wewe Ijumaa ulikuwa umekwisha panda treni.

Mimi ningekupeleka siku ya kwanza, kijiti au si kijiti. Lakini kwetu Waislamu wanawake hatwendi makaburini, na yeye aliniapisha. Kwa hiyo nilikuwa na madafu tu. Nisamehe kwa madafu.

Nina swali. Nilipofagia chumba nimekuta chini ya kitanda kigoda kimefungwa kitambaa. Nikadhani ni mbuzi ya kukunia nazi, nikatafuta meno yake sikuyaona, nikasema Wasukuma bwana, hata mbuzi wao kibogoyo. Nikampelekea Pantaleo tukicheke pamoja. Alipokiona alikaa. Si juu ya kigoda, sakafuni. Chai ikapoa. Ndipo akaniambia kwamba kwenu mama mkwe akiamua kuogopana kumetosha, humpa mkwe wake kigoda akikalie mbele yake, na tangu siku hiyo wanaongea kama mtu na mwanawe.

Akaniambia, "Alikibeba kutoka Masumbwe, Mwamvua. Na mimi nikamkimbia mji mzima."

Amekiweka juu ya kabati. Hakikalii, wala hamruhusu mtoto kukikalia. Ni kweli hayo ya kigoda, au ananitania?

Mtani wako,
Mwamvua


Masumbwe
12 Septemba 1976

Mwanangu Pantaleo,

Jirani yako hana adabu, Mungu amtunze.

Ni kweli ya kigoda. Kilikuwa cha mama yangu, alimpa Baba Limi. Nilikibeba mapajani tangu hapa hadi Dar es Salaam, watu kwenye treni wakadhani nauza. Nilisema, huko mjini nyumba hazina uwanja, mkwe wangu atakuwa amekwisha sahau hizi habari, atakaa mezani anitazame usoni, na mimi itanibidi nizoee. Ndiyo maana nikaleta kigoda, ili iwe nimemruhusu mimi, isiwe amenidharau. Kumbe wewe huko mjini umeshika mila kuliko sisi wa Masumbwe. Nilikuja kuivua, nikakukuta umeivaa.

Na pale kwenye msonge sikukusikia. Naapa. Ningekuitikia mpaka nyasi zidondoke.

Lakini mwanangu, nani alikwambia nataka msalaba wa saruji? Mimi ni mtu wa mahame. Mahali palipokuwa nyumba yangu pana mbigiri na mavi ya mbuzi, na bado najua kitanda kilikaa wapi. Ungenionyesha nyasi tupu ukasema hapa, ningekaa hapo nikaridhika.

Nikwambie nililokuja nalo. Mtoto wangu amekufa na sina wa kumsema naye. Hapa kijijini wametuchanganya, jirani zangu wametoka huku na huku, hakuna aliyemjua Limi. Zipora ni mtoto, anakumbuka sauti ya mama yake na harufu ya sabuni, Limi mwenyewe hakumjua. Aliyemjua ni mimi na wewe, basi, duniani kote. Nikitaka kusema kwamba Limi alikuwa anakwangua ukoko wa ugali kwanza kabla hajala ugali wenyewe, nimwambie nani? Jioni namwambia ng'ombe. Mimi ninayo mambo yake hadi alipoolewa, na wewe unayo yake tangu hapo. Nilitaka tukae tuyaunganishe.

Safari ile sitaiweza tena, miguu imekataa. Njoo wewe Desemba, shule zikifungwa. Nenda kwanza kwa Limi, uchukue udongo kidogo, tumletee nyumbani. Na kigoda ulete.

Paskazia


Magomeni, Dar es Salaam
20 Novemba 1976

Mama,

Shikamoo. Nimepata likizo. Tutapanda treni Zipora akishafunga shule.

Leo tumekwenda Kinondoni. Udongo nimeuchota upande wa kichwani, nimeutia kwenye kopo la maziwa, Zipora amelifunika kwa leso yake ya shule. Tulikaa pale kidogo. Nilitaka kumwambia marehemu tunakopeleka ule udongo, nikaona haya kwa sababu ya watu.

Zipora ameniuliza Masumbwe kuna nini cha kutazama. Amesema bibi tulimwonyesha mambo mengi, na yeye anataka aonyeshwe. Nimetafuta jibu, nikakumbuka kwamba mimi mwenyewe Masumbwe niliijua kwa kuangalia ukuta wa nyumba yako na vidole vyangu vya miguu. Nimemwambia bibi anajua.

Mama, naogopa. Jina la marehemu sijalitamka kwa mtu mzima tangu tumzike. Nikikaa kimya mbele yako usidhani nimekataa.

Bado mkweo,
Pantaleo


Masumbwe
28 Desemba 1976

Mama Mwamvua,

Shikamoo. Mimi sijambo, baba hajambo, bibi hajambo ila miguu. Anakusalimia. Amesema nikuandikie kwamba Wazaramo ni wavivu. Mimi sijasema, ni yeye.

Uliniambia nikuandikie mambo ya kutazama huku, kama tulivyomtembeza bibi. Ni mengi na hakuna tiketi. Kuna mnada wa ng'ombe, wanaume wanatazama ng'ombe mdomoni. Kuna mtu anachimba dhahabu, anaiosha kwenye karai mtoni. Alinionyesha moja kwenye kidole, ndogo kama chembe ya mchanga, nikasema mbona ni ndogo, akasema nyamaza wewe. Bibi alicheka. Kuna mti una vyura ndani. Kuna Mwalimu Theonest, ana redio. Baba alilala kwake usiku tulipofika, na bibi akaniita mimi tu ndani, na chakula cha baba nikampelekea huko. Nikadhani itakuwa kama Dar es Salaam tena.

Lakini asubuhi bibi akasema leo tunakwenda kuona mahali. Amevaa kile kitenge cheusi. Tukaenda mbali, bibi anapumzika kila mahali. Baba alikuwa nyuma, amebeba kigoda, na mimi nimebeba kopo, sikuliangusha.

Tulipofika hakuna kitu. Ni majani tu. Nikasema bibi, iko wapi? Akasema simama hapo. Kumbe kuna duara la mawe madogo, na jiwe la kusagia, na hapo ndipo palikuwa msonge, kama ule wa Makumbusho ila umeanguka. Bibi akaingia ndani ya duara, lakini alipita penye mlango, hakuruka mawe. Nikauliza kwa nini hupiti hapa karibu, akasema hapo ni ukuta. Akakaa chini. Baba akachuchumaa nje ya duara, akageuza uso. Walikuwa wanaweza kuonana kabisa, Mama Mwamvua, ukuta haupo, ila walifanya kama upo. Baba akaamkia. Bibi akaitikia kwa sauti kubwa sana, mpaka ndege wakaruka.

Halafu bibi akasema, "Ingia. Leta hicho kigoda."

Baba akaingia, akapita mlangoni na yeye, akainamisha kichwa kama mlango ni mfupi. Akakiweka kigoda mbele ya bibi, halafu akasimama tu. Alisimama sana. Bibi akakipigapiga kigoda, akamwambia, "Kaa, mwanangu."

Akakaa. Kigoda ni kidogo, magoti yake yalifika kidevuni. Bibi akanionyesha mahali palipokuwa kitanda, akasema mama yako alizaliwa hapa, mwaga hapa. Nikamwaga udongo, nikaufunika na leso, lakini bibi akasema leso chukua, utaadhibiwa shuleni.

Halafu wakaanza kuongea habari za mama. Baba alianza kwa kusema Limi. Alilisema mara moja, kisha akalisema tena. Bibi akasema mama alipokuwa mdogo alikwangua ukoko kwanza. Baba akasema hata Dar es Salaam alikuwa anafanya hivyo, alikuwa anamwambia ataharibu sufuria. Bibi akapiga makofi. Wakaendelea hivyo, huyu anasema hili, huyu anasema lile, mengine sikuyajua, kama mama aliwahi kuogopa pantoni akakataa kupanda mpaka baba akamshika mkono. Jua likawa kali hawakuondoka. Mimi nikachoka nikaenda kutazama sisimizi.

Niliporudi baba alikuwa analia. Sijawahi kumwona. Nikamwuliza bibi baba ana nini, akasema hana kitu, ni moshi wa jikoni umemwingia machoni. Na yeye alikuwa anapangusa yake na upande wa kitenge.

Lakini Mama Mwamvua, hatukuwa tumewasha moto.

Ni mimi,
Zipora Pantaleo